KUCHUNGULIA LESO YA KESHO: DAKIKA KUMI ZENYE FAIDA



Katika nambari hii tunataka kueleza jambo moja la masomo lisilo na bei, lakini wengi hawalifanyi. Ni kuchungulia leso mpya mbele ya mwalimu kuifundisha. Kurudilia leso, hiyo tunajua wote. Wakati wa egzameni mtu anaamka saa kumi ya usiku, anatembea na kaye mkononi, anasema peke yake kama mgonjwa wa homa. Lakini kutangulia kuangalia leso ya kesho, hiyo hatuna desturi yake. Tunaona ni hasara kubwa, na tutasema juu ya nini.

HALI YETU KATIKA KILASI

Tuangalie namna leso inavyopita. Mwalimu anaingia, anaandika kichwa cha leso kwenye tablo, anaeleza, kisha anaandikisha. Mwanafunzi ana kazi tatu kwa mara moja: masikio yasikie, mkono uandike, akili ielewe. Na sisi tuna kazi ya ine juu yake, njo Kifaransa. Nyumbani tumekua na Kiswahili, ama Mashi, ama Kinande, ama Kibembe. Mwalimu akitamka neno jipya, mmoja anauliza jirani yake linaandikwa namna gani, na wakati wanapoulizana, mwalimu amekwisha kupita kwenye fungu lingine. Kengele inalia. Kaye imejaa, lakini kichwa hakikupata kitu.

Hapo wengi wanasema: "Mimi sina akili ya fizike," ama "Mimi na jeografia hatupatani." Mara nyingi si akili inayokosa. Ni mzigo uliokuwa mwingi kwa saa moja.

Wataalamu wamepima jambo hilo. Mwaka 1956 George Miller wa Marekani aliandika kwamba akili ya mtu inaweza kushika kwa dakika ile ile vitu karibu saba tu. Mwaka 2001 mwenzake Nelson Cowan alionyesha kwamba ni karibu vine. Kwa hiyo akili ya kupokea mambo mapya ni kama mikono: ule aliyebeba vitu vine hawezi kupokea cha tano pasipo kuangusha kimoja.

Lakini kuna njia ya kubeba zaidi, ni kufunga vitu pamoja. Angalieni tarakimu hizi: 3 0 0 6 1 9 6 0. Mtu asiyejua habari zetu ataona tarakimu nane, na atasahau nusu. Mkongomani ataona kitu kimoja tu: tarehe 30 ya mwezi wa 6, mwaka 1960, siku ya uhuru. Tarakimu hazikupunguka. Ila yeye alikuwa amekwisha kuwa na mahali pa kuziweka.

Njo kazi ya kuchungulia leso. Tunatayarisha mahali, ili mambo yakija yakute pa kukaa.

WALIOCHUNGUZA WALIONA NINI

Mwaka 1972 John Bransford na Marcia Johnson wa Marekani waliandika habari fupi juu ya kufua nguo, lakini bila kutaja nguo, wala maji, wala sabuni. Walisema tu kwamba unapanga vitu katika mafungu, kwamba haifai kufanya vingi kwa mara moja, na kadhalika. Kisha wakaisoma mbele ya watu. Wengine waliambiwa kwanza kwamba ni habari ya kufua. Wengine waliambiwa nyuma ya kusikia, na wengine hawakuambiwa kitu. Wale walioambiwa kwanza walikumbuka karibu mara mbili kuliko wengine. Na hili tulishike muzuri: wale walioambiwa nyuma hawakupata faida yoyote. Maneno yalikuwa yale yale, na kichwa cha habari kilikuwa kile kile, lakini kwao kilikuja kikichelewa.

Tena mwaka 2009 Lindsey Richland na wenzake waliwapa wanafunzi maswali juu ya habari ambayo hawajaisoma. Bila shaka walikosa mengi. Kisha wakapewa habari yenyewe wasome. Wengine hawakuulizwa kitu, ila walipewa wakati mrefu zaidi wa kusoma. Nyuma, wale walioulizwa kwanza walikumbuka zaidi, hata kwa yale maswali waliyoyakosa. Maana yake, kubahatisha jibu mbele ya leso si aibu. Akili iliyouliza inangojea jibu, na jibu likipita inalikamata.

Shauri lenyewe si jipya. Mwaka 1946 Francis Robinson, mwalimu wa chuo kikuu cha Ohio State, alitoa kitabu juu ya namna ya kujifunza. Alipanga hatua tano: kupitisha macho kwanza, kujiuliza maswali, kusoma, kusema kwa kinywa bila kitabu, na kurudilia. Sisi wengi tunaanzia hatua ya tatu, tena tunaishia hapo.

NAMNA YA KUFANYA

Chukua dakika kumi kwa leso moja, usiku wa mbele ao asubuhi. Usizidishe sana. Fanya hivi:

1. Angalia oreri, kisha chagua leso mbili ao tatu zinazokulemea. Usichungulie zote sita, utachoka siku ya tatu na kuacha.

2. Soma kichwa cha leso na vichwa vidogo vyote, toka mwanzo mpaka mwisho. Usisome mafungu bado. Angalia picha, karte, na maandishi yaliyo chini yao. Soma mistari ya mwisho, kwa kuwa mara nyingi njo panapokusanywa maana ya leso.

3. Andika maneno matano magumu, si ishirini. Tafuta maana yao katika diksionere ao kwa mkubwa wako, na uandike maana kwa Kiswahili ao kwa lugha ya kwenu. Jifunze pia namna yanavyoandikwa, ili mkono usisimame kesho.

4. Jiulize: "Leso hii inasimama juu ya leso gani ya zamani?" Fungua ukurasa ule, uupitishe macho.

5. Andika maswali matatu, na kwa kila swali bahatisha jibu. Kisha funga kaye, ulale.

Kesho, maswali yako yawe wazi mbele yako. Mwalimu akijibu moja, tia alama. Likibaki moja lisilojibiwa, inua mkono. Mwenye kuuliza njia hapotei.

MFANO MMOJA

Tuseme leso ya kesho ni ya jeografia: "Le régime du fleuve Congo".

Neno la kwanza linalotusimamisha ni "régime". Tunalijua kwa utawala wa nchi. Tunalisikia tena kwa hospitali, ni chakula ambacho mgonjwa anaruhusiwa. Na katika mashamba wanasema "régime" kwa mkungu wa ndizi ao wa ngazi. Ni lipi katika hayo? Hakuna hata moja! Diksionere inatuambia: kwa mto, ni namna maji yanavyopanda na kushuka katika mwaka. Ule asiyechungulia atakaa nusu saa akiwaza utawala wa mto.

Kisha tunaangalia karte. Tunafuata mto kwa kidole. Unatoka kusini, unaitwa Lualaba, unapita Kindu na Ubundu, unavuka mstari wa ekwateri mbele ya kufika Kisangani. Halafu unapinda kwenda magharibi, unashuka tena kusini, na karibu na Mbandaka unavuka ekwateri mara ya pili. Mara mbili! Jambo hilo tunaliandika.

Sasa maswali. La kwanza: Juu ya nini mto wetu haukauki wakati wa kiangazi? La pili: Juu ya nini kule Kinshasa maji yanapanda mara mbili kwa mwaka? La tatu: Kuvuka ekwateri mara mbili kuna maana gani hapa? Tunabahatisha: "Haukauki kwa sababu ni mrefu sana," kwa kuwa tumesoma kwamba una karibu kilometa 4.700.

Kesho mwalimu anaeleza. Bonde la mto, lenye karibu kilometa za mraba milioni 3,7, liko pande mbili za ekwateri. Kutoka mwezi wa 5 mpaka wa 9 ni kiangazi kule Lubumbashi, lakini kaskazini, upande wa Uele na Ubangi, mvua inanyesha. Mwezi wa 12 mpaka wa 2 kaskazini kunakauka, na kusini kunanyesha. Upande mmoja ukichoka, mwingine unashika kazi. Njo maana mto unapeleka baharini karibu metre kibe 40.000 kwa sekonde, na duniani ni Amazone tu unaoupita. Kinshasa maji yanapanda sana karibu na mwezi wa 12, yanapanda tena kidogo karibu na mwezi wa 5, na yanashuka sana mwezi wa 7 na wa 8.

Jibu letu halikuwa la kweli: si urefu, ni ekwateri. Lakini kwa sababu tulikuwa tumejibu, tulishituka, na mwenye kushituka hasahau upesi. Na ile karte tuliyoifuata kwa kidole imekuwa mahali pa kuweka tarakimu zote.

Kwa leso zingine, namna inabadilika kidogo. Kwa hesabu, hatua ya ine njo kubwa kuliko zote: asiyekumbuka (a + b)² hataenda mbali katika ekwasio za degre ya pili. Kwa fizike, chungulia herufi na vipimo. Ukifika kwa U = R × I ukijua kwamba U inapimwa kwa volti, R kwa ohm na I kwa ampere, umekwisha kuvuka nusu ya mto.

WENGINE WATASEMA

"Sina kitabu." Ni kweli, mara nyingi kitabu ni kimoja kwa kilasi nzima. Lakini kaye ya mkubwa aliyepita mwaka jana iko, umuombe akuazime. Mkiwa watano na kitabu kimoja, mmoja asome vichwa kwa sauti na wengine waandike. Hata kama hakuna kitu, kichwa cha leso peke yake kinatosha kwa hatua ya ine na ya tano.

"Sina wakati." Hili tunalisikia zaidi kwa dada zetu wanaotoka nyumbani kila siku, wenye kuchota maji, kupika na kulea wadogo. Hatuwezi kusema kazi hizo ni kidogo. Lakini dakika kumi zinapatikana wakati maharagi yanachemka, na maswali matatu unaweza kuyabeba kichwani njiani ukienda kisimani. Kwao zaidi, kuelewa leso mle mle kilasini ni faida kubwa, kwa kuwa usiku hawana nafasi ya kurudilia.

"Mafuta ya taa yanaisha." Njo maana tunasema dakika kumi, si masaa mawili. Leso iliyoeleweka mchana haimalizi mafuta mengi usiku.

"Nikikwisha kuisoma, nitachoka kusikiliza." Kuchungulia si kusoma leso yote, wala kuishika kwa kichwa. Tena hakuchukui nafasi ya kurudilia: asiyerudilia atasahau, hata kama alichungulia. Na anayechungulia asije kilasini kwa kiburi, akikata mwalimu maneno ili aonekane mwenye kujua. Anakuja na maswali, si na majivuno.

NENO KWA WALIMU WETU

Kwa heshima yote tunaomba jambo moja dogo. Mwishoni mwa saa, mtuandikie kwenye tablo kichwa cha leso inayofuata, na maneno matatu ao mane yatakayokuwa magumu. Ni kazi ya dakika mbili. Itawafikia hata wale wasio na kitabu, na ninyi mtaona mikono inayoinuka.

MWISHO

Wazazi wetu wanauza mihogo, mbuzi, hata shamba, ili minervali ilipwe. Wanalipa ili tuketi mbele ya mwalimu. Basi saa ile ya mwalimu njo mali yenyewe waliyotununulia, na haifai iishie katika kuandika maneno tusiyoyajua. Egzameni ya Serikali haiangalii kaye zilizojaa, inaangalia kilichoeleweka.

Tujaribu kwa majuma mawili: leso moja tu, ile inayokulemea kuliko zote, dakika kumi kila mara inapokuja katika oreri. Kisha tuangalie pointi za interogasio itakayofuata, na tuambiane. Atakayeona faida, amfundishe mdogo wake wa kilasi ya chini.

Kazi njema kwa wote.