Pipa la Taka Ndilo Linalomuua Dubu

Ikifika Septemba hapa Missoula, katika jimbo la Montana nchini Marekani, huwapigia simu Wakongo wenzangu waliohamia karibuni. Tukishamaliza kusalimiana, swali langu la kwanza ni moja: pipa lenu la taka mmeliweka wapi?

Tangu 2016 familia nyingi za Kikongo zimeletwa hapa kama wakimbizi. Tukifika tunafundishwa habari za theluji, za basi na za benki. Za dubu mweusi huja mwishoni, ilhali wapo waliomwona uani kabla hawajajua hata majina ya majirani.

Akina mama huniuliza kama atawadhuru watoto. Wana haki ya kuuliza. Nawaambia ukweli: dubu mweusi ana nguvu nyingi, lakini kwa kawaida humkwepa binadamu. Watafiti waliopitia kumbukumbu za Marekani na Kanada kuanzia 1900 hadi 2009 walikuta watu 63 waliouawa na dubu weusi wa porini. Ukikutana naye usikimbie. Simama wima, sema kwa sauti nzito, rudi nyuma polepole umwachie njia. Akikurukia, pigana naye. Na ukipanda mlimani, beba kopo la dawa ya pilipili ya kupuliza, ambayo baadhi ya majaribio yake ya mwanzo yalifanyika hapahapa, Chuo Kikuu cha Montana, miaka ya 1980. Wakulima wa Tanzania na Kenya wanaopaka pilipili kwenye kamba ili tembo wasiingie shambani wataielewa akili hiyo mara moja.

Kinachomleta dubu mjini ni tumbo. Kabla ya baridi dubu anaweza kula hadi kalori 20,000 kwa siku, karibu mara kumi ya mahitaji ya mtu mzima. Kisha hulala pangoni miezi mitano au zaidi bila kula, kunywa wala kukojoa. Jike hupandwa Juni au Julai, lakini mimba husubiri bila kukua mpaka karibu Novemba. Akiwa amenenepa vya kutosha, mimba hujishikiza na kukua. Akiwa amekonda, mwaka huo hapati mtoto. Kwa hiyo matunda ya porini yakikosekana, dubu hufuata kijito na kushuka mpaka mtaa wa Rattlesnake, kwenye matufaha, plamu, nafaka za kulishia ndege na taka zetu.

Asubuhi moja nilifika kwa familia ambayo pipa lao, la plastiki ya kawaida, lilikuwa limelazwa barabarani. Kifuniko kilikuwa na matundu ya meno. Nepi na mifupa ya kuku vilitapakaa, na mfuko wa unga wa mahindi ulikuwa umepasuliwa na kulambwa hadi kwenye mishono. Mlo wa namna hiyo dubu hausahau. Atarudi, na akiwa jike atarudi na watoto, maana hukaa naye karibu mwaka na nusu wakijifunza kila anapopata chakula. Akihamishiwa mbali, mara nyingi hurejea au huanza mchezo uleule kwenye mji mwingine. Akizoea kuvunja na kuingia majumbani, maofisa humuua.

Serikali ya jimbo ina kazi yake ya kusimamia idadi ya dubu. Hutoa leseni za kuwinda kwa misimu, hukataza kumpiga jike mwenye watoto, na mwindaji lazima kwanza afaulu mtihani wa kumtofautisha dubu huyu na dubu wa aina ya grizzly, kwa sababu weusi wengi wana manyoya ya kahawia. Dubu akiuawa, jino lake dogo huchukuliwa likapimwe. Likikatwa huonyesha mistari ya miaka, kama shina la mti, na kwa jike miaka aliyolea watoto huonekana kwa mistari myembamba. Maofisa wakiona majike wazima wengi mno wanauawa, wanajua uwindaji umezidi.

Lakini leseni haifungi pipa. Mjini Durango, Colorado, watafiti waligawa mapipa zaidi ya 1,000 yasiyofunguka kwa dubu, kisha wakalinganisha mitaa. Palipokuwa na mapipa hayo, matukio ya dubu kwenye taka yalikuwa pungufu kwa asilimia 60. Siri ni komeo lililofichwa ndani ya uwazi mdogo: kidole cha mtu kinalifikia, kiganja cha dubu hakiingii.

Basi ndugu zangu, kama mmepanga, mdaini mwenye nyumba pipa la namna hiyo. Mji una sheria ya taka kwa ajili ya dubu. Toeni taka asubuhi ya siku ya gari la taka, si usiku wa kuamkia siku hiyo. Kuku wazungushieni uzio wa umeme. Matufaha yachumeni yote. Mkishindwa, shirika la Great Bear Foundation hupanga watu wa kujitolea kuchuma. Sisi tunajua uchungu wa kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Dubu hana namna ya kufunga pipa letu, na akifa kwa ajili yake, kosa ni la aliyeliacha wazi.