Butembo na Beni: Gazi ya klima haiishi kama makala ya kupikia

Malalamiko ni yale yale, iwe kwenye farmasi ya Butembo au kwenye oteli ya Beni: klima inanguruma lakini haitoi baridi. Fundi anaitwa, anapanda juu na chupa yake, anashuka na kusema gazi imeisha. Anaongeza, analipwa, anaenda. Miezi michache inapita, baridi inapotea tena, na fundi yule yule anaitwa kuongeza gazi ile ile.

Hapo ndipo wenye mashini wengi wanapoteza makuta yao. Gazi ya klima haiishi kama makala ya kupikia wala kama mafuta ya pikipiki. Inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa pande zote, na kama mirija ni mizima, gazi iliyotiwa siku ya kwanza inaweza kudumu miaka yote ya mashini. Ikipungua, kuna mahali inapotokea. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kujaza maji ndani ya bidoni iliyotoboka, na muuza maji hatalalamika.

Kazi ya mashini yenyewe si ngumu kuelewa. Haitengenezi baridi, inachukua joto lililo ndani ya nyumba na kwenda kulitupa inje. Kompresa, ile sehemu inayonguruma, inasukuma gazi kwenye sanduku la inje, lile linalofungwa ukutani au juu ya betoni ya ghorofa ya mwisho. Huko feni inapitisha hewa kati ya vibamba vyembamba vya aluminiamu, joto linatoka, gazi inageuka kuwa maji na kurudi ndani kuchukua joto lingine. Frigo ya dawa, chumba cha baridi cha nyama na klima ya benki, zote zinafuata njia hiyo moja.

Butembo iko juu ya mita 1,700, na mtu anaweza kuuliza klima ni ya nini pale ambapo usiku watu wanatafuta blanketi. Hakosei sana. Beni iko chini zaidi, kwenye mita 1,100 hivi, na joto lake ni lingine. Lakini miji yote miwili iko na kazi zisizovumilia joto: maabara, vyumba vya kompyuta, mitambo ya redio, hifadhi za damu na dawa. Damu inawekwa kati ya digrii 2 na 6. Chanjo nyingi za watoto, pamoja na oksitosini wanayopewa mama ili wasitokwe na damu nyingi baada ya kuzaa, zinataka digrii 2 hadi 8. Na wakaaji hawajasahau Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Chanjo yake, iliyopewa watu zaidi ya 300,000 mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ilipaswa kuhifadhiwa kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri. Baridi ya namna ile ilitegemea mashini, na mashini zilitegemea watu wa kuzichunga.

Adui wa kwanza ni vumbi. Wakati wa kiangazi barabara za udongo zinapanda hewani, na vumbi lile jekundu linafika mpaka juu ya nyumba ambako hakuna mtu anayeangalia. Linaingia kati ya vibamba. Mvua ya kwanza inaligeuza tope, jua linalikausha kama tofali. Feni inazunguka lakini hewa haipiti. Joto linakosa pa kutokea, shinikizo linapanda, kompresa inavuta umeme mwingi zaidi na kuchemka, na siku moja inaungua. Tena hewa ya milimani ni nyepesi: kule Butembo iko pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko hewa ya pwani, kwa hiyo feni ile ile inabeba joto kidogo kuliko kiwanda kilivyohesabu.

Dawa yake ni bei rahisi kuliko kompresa mpya. Umeme unazimwa kwenye disjonkteri, si kwa telekomande peke yake. Kifuniko kinafunguliwa, vibamba vinapigwa brashi laini kufuata mistari yake, kisha maji yanapitishwa polepole kutoka upande wa ndani kwenda inje, ili yasukume uchafu kule ulikotoka. Pampu ya kuosha magari hapana: inalaza vibamba, na vikishalala hewa haipiti tena. Chujio la ndani, yaani filtri, mwenye nyumba anaweza kuliosha mwenyewe, kila wiki mbili wakati wa vumbi.

Adui wa pili ni umeme wa kuja na kuondoka. Kompresa iliyozimika ghafla bado iko na shinikizo kubwa upande mmoja. Umeme ukirudi papo hapo, ao mtu akikimbilia kuwasha jenereta, inajaribu kuanza ikiwa imebanwa. Inavuta umeme mara tano ao zaidi ya kawaida, na waya za ndani zinaungua. Kusubiri dakika tatu hadi tano kunatosha. Kuna kifaa kidogo kinachosubiri chenyewe na kukata umeme ukishuka ao ukipanda kupita kiasi. Kwa frigo ya dawa, hicho si anasa.

Kuhusu gazi yenyewe, kwenye kibandiko cha mashini kumeandikwa jina lake na uzito wake. Mashini nyingi za zamani zinatumia R-22, moja ya gazi zinazoharibu ozoni. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, nchi zinazoendelea, Kongo ikiwemo, zilipewa ratiba ya kupunguza gazi za jamii hiyo kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na karibu zote kufikia 2030. Itazidi kuwa adimu. R-410A ya mashini mpya inafanya kazi kwa shinikizo la karibu mara moja na nusu ya R-22, kwa hiyo kutia moja mahali pa nyingine ni kuharibu mashini ya mtu.

Tengenezo la kweli lina hatua zake: kujaza mirija azoti, kupaka povu la sabuni kwenye maungio mpaka tundu lionekane, kuziba, kuvuta hewa yote kwa pampu, kisha kutia gazi kwa kupima kwenye mizani. Azoti ikikosekana, fundi asijaribu kabisa na oksijeni ya kulehemu. Ikikutana na mafuta ya kompresa kwenye shinikizo, inalipuka, na inaua.

Kwa frigo ya dawa, digrii zisomwe na kuandikwa kwenye daftari asubuhi na jioni, kwa sababu daftari linaonyesha baridi inavyopungua kabla mkono haujaisikia. Barafu ikionekana kwenye mrija wa klima, hiyo pia ni alama, lakini si lazima iwe ya gazi: hewa ikikosa kupita ndani, barafu inashika vile vile. Filtri iangaliwe kwanza. Ikiwa ni safi na feni inazunguka vizuri, ndipo mazungumzo ya gazi yanaweza kuanza.