Mapishi ya Friza Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Upasuaji wa kupunguza uzito hugusa kwanza mfuko wa chakula, na ukubwa mpya wa mfuko huo ndio unaoamua kitakachopikwa jikoni kwa miezi inayofuata. Katika aina inayofanywa zaidi duniani siku hizi, daktari hukata na kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, akaacha sehemu nyembamba mfano wa mrija. Aina nyingine ilianzishwa na Edward Mason na Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960. Kwa jinsi inavyofanywa leo, huacha kifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula, ambacho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Hospitali za Nairobi na Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazotoa huduma hii.

Wengi hudhani kwamba shida ya mgonjwa ikishapita siku ya upasuaji ni kujizuia asile. Wiki za mwanzo shida huwa kinyume chake. Ghrelini, homoni inayochochea njaa, hutengenezwa kwa wingi katika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, na katika upasuaji wa aina ya kwanza sehemu hiyo ndiyo inayokatwa. Mgonjwa hasikii njaa, amechoka, kidonda bado kichanga, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa yaweza kumtia kichefuchefu. Hata hivyo, mwili wake unadai protini gramu 60 hadi 80 kila siku ili kidonda kipone na ili uzito unaopungua uwe wa mafuta, usiwe wa misuli. Chakula kilichopikwa na kugandishwa kabla ya siku ya upasuaji humwokoa hapo, maana mtu asiye na njaa wala nguvu hasimami jikoni kujipikia vijiko viwili vya mchuzi.

Hesabu yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana. Gramu 30 za kuku aliyeiva hutoa protini gramu 8 au 9. Milo sita ya kiasi hicho kwa siku hufikisha gramu 50 tu na ushei. Nusu kikombe cha dengu zilizoiva kina gramu 9, yai moja 6, kikombe cha maziwa 8. Uji mwepesi wa mahindi, chakula ambacho jamaa wa mgonjwa hukikimbilia kwanza kwa nia njema, hujaza kifuko chote na kuacha protini kidogo mno. Kwa hiyo kila kinachoingia friza hakina budi kuwa kizito kwa protini. Supu ya dengu iliyosagwa hutiwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, ambayo theluthi ya uzito wake ni protini. Mchuzi wa maharage huongezewa unga wa dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa vizuri na kusagwa. Dagaa wakavu ni hazina kubwa ya protini, na bei yake haifiki ya nyama.

Vyakula hurudi kwa hatua. Siku za mwanzo ni vinywaji vyepesi, kisha maziwa na supu zilizochujwa hadi kama wiki ya pili. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyosagwa laini, kisha vyakula vyororo, na chakula cha kawaida huanza kurudi kati ya wiki ya sita na ya nane. Kila hospitali ina ratiba yake, na ratiba ya daktari aliyefanya upasuaji ndiyo ya kufuatwa. Mpishi anayeweka akiba huzigawa pakiti zake kwa mpangilio huohuo: za kusagwa kando, za vipande laini kando.

Si kila chakula huvumilia baridi. Maji yaliyo ndani ya chakula yakiganda hufanya chembe za barafu, na yakiganda polepole chembe hizo huwa kubwa, zikapasua kuta za seli. Nyama ikiyeyuka humwaga maji yake na kubaki kavu yenye nyuzi. Kwa mtu wa kawaida hilo ni suala la ladha. Kwa aliyefanyiwa upasuaji, kipande cha kuku mkavu kilichopashwa moto mara ya pili ndicho kinachokwama kifuani, kikaleta maumivu na matapishi. Dawa yake ni mchuzi. Nyama ya kusaga iliyopikwa na nyanya mpaka ikawa rojo, mapaja ya kuku yaliyochambuliwa na kurudishwa katika supu yake, maharage na choroko zilizochemshwa mpaka zikapasuka: vyote hivi hugandishwa vikiwa vimefunikwa na majimaji yake na kubaki laini. Samaki mweupe asiye na mafuta mengi hustahimili friza kwa muda mrefu kuliko samaki wa mafuta, ambaye mafuta yake huchacha hata penye baridi.

Vipo vya kuachwa. Ute wa yai la kuchemsha ukigandishwa huwa kama mpira. Viazi hugeuka chengachenga. Mchuzi wa tui hukatika; ukikorogwa juu ya moto huungana tena, lakini mafuta yake mengi huharisha baadhi ya wagonjwa, hasa wa upasuaji wa aina ya pili. Ugali, wali, mkate na chapati havina nafasi katika akiba hii: hufumka au kugandamana ndani ya kifuko na kuchukua nafasi ya protini. Sukari nayo ni ya kuepukwa. Ikishuka ghafla kwenye utumbo mwembamba huvuta maji mengi, na ndani ya saa moja mgonjwa hutokwa jasho, moyo ukaenda mbio na tumbo likasokota.

Kipimo huamuliwa siku ya kugandisha, kabla mgonjwa hajashika kijiko. Treyi ya barafu ndiyo chombo bora kwa hatua ya vyakula vilivyosagwa. Kitundu kimoja hujazwa maji kwa kijiko ili kujua ujazo wake. Vingi havizidi mililita 30. Vipande vikishaganda hutolewa na kutiwa kwenye mfuko mzito, hewa ikakamuliwa nje, kwa kuwa hewa ndiyo inayokausha chakula ndani ya friza. Juu huandikwa jina la chakula na tarehe. Baadaye, mlo unapofikia robo kikombe na kupanda, vyombo vidogo vyenye mifuniko huchukua nafasi ya treyi. Supu na michuzi hubaki na ladha nzuri kwa miezi miwili au mitatu, basi hakuna haja ya kupika akiba ya mwaka. Tena ladha hubadilika baada ya upasuaji, na chakula kilichopendwa jana chaweza kukataliwa kesho. Aina tano au sita kidogokidogo zinafaa kuliko sufuria kubwa ya aina moja.

Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huzuia bakteria kuongezeka, lakini haiwaui. Chakula cha moto humiminwa katika sinia pana kipoe upesi, kisha huingizwa friza kabla saa mbili hazijapita. Huyeyushwa ndani ya friji, si mezani, na hupashwa mara moja tu mpaka katikati pafike nyuzi 75, huku kikikorogwa na kuongezwa supu kidogo. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kwa saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24. Kwa sababu hiyo inafaa kujaza nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyoganda. Chakula kilichokwisha kuwa vuguvugu kwa zaidi ya saa mbili hutupwa.

Mezani, mgonjwa hula polepole, protini kwanza, akiacha pindi anapohisi kujaa. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiri nusu saa baada ya mlo, na kwa siku nzima yafike lita moja na nusu.

Hakuna chungu kinachoweza kutosheleza yote. Vitamini B12, chuma, kalisi na vitamini D humezwa kama dawa kwa maisha yote, kwa kipimo cha daktari. Akiba ya thiamini mwilini huisha ndani ya wiki chache, na upungufu wake huharibu ubongo. Mgonjwa anayetapika kila anachokula, hata kiwe laini namna gani, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.