Bei ya Mnadani na Fedha ya Mkulima wa Kilimanjaro

Bei ya mnada wa kahawa wa Moshi hutajwa kwa dola za Marekani kwa kila kilo 50, ilhali mkulima wa Machame, Kibosho au Rombo hupima kahawa yake kwa kilo na kulipwa kwa shilingi, na anayelinganisha namba hizo mbili harakaharaka huishia ama kufurahi bila sababu ama kushutumu bila ushahidi. Kuitilia shaka habari ya fedha, yaani kuichunguza kabla ya kuikubali au kuikataa, huanza na swali dogo: bei hiyo ni ya kahawa ipi?

Kahawa inayopelekwa kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa eneo moja, imekwisha kumenywa, kuoshwa na kuanikwa, lakini punje zake bado zimo ndani ya ganda jembamba. Inayonadiwa ni kahawa safi, ambayo kiwanda kimeikoboa na kuipanga kwa madaraja, na ukoboaji huo hupunguza uzito kwa takriban asilimia 20. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba kilo 50 zimeuzwa kwa dola 200, kilo ya kahawa safi ni dola 4, lakini kilo aliyopima mkulima imebaki gramu 800 zenye thamani ya dola 3.20, na hapo hazijakatwa gharama za ukoboaji, usafiri, magunia, wala riba ya mkopo ambao chama huenda kilichukua benki ili kuwapa wanachama malipo ya awali.

Hata hivyo, ni makosa kudhani kwamba kila lalamiko la mkulima linatokana na kutojua hesabu. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1933, wakati mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeangusha bei za mazao, na baadaye wakulima walilazimishwa kisheria kuuza kupitia chama hicho. Mwaka 1937 hasira juu ya malipo ililipuka, na maghala ya kahawa yakavamiwa. Mtu aliyekatazwa kuuza kwingine hana bei ya kulinganisha, kwa hiyo hana njia ya kutofautisha soko lililoanguka na mizani iliyochezewa, na shaka yake, hata inapokosea mlengwa, ina sababu ya haki kabisa.

Upungufu wa uzito unaotokana na kuondolewa ganda unaweza kuhakikiwa na yeyote mwenye mizani. Riba ni ngumu zaidi, kwa kuwa huongezeka kwa kila siku ambayo kahawa inakaa ghalani ikisubiri mnada, na siku hizo mkulima hazioni. Ndiyo maana mwanachama anayedai katika mkutano mkuu aonyeshwe tarehe ya kupokelewa kwa kahawa kiwandani, tarehe ya mauzo na kiwango cha riba hupata jibu la maana kuliko anayebishania bei ya kahawa katika soko la New York.