Mchuzi wa Madonge Aliotuachia Baba

Kila mja ana chakula kimoja ambacho akikinusa tu hurudi utotoni. Mwingine ni wali wa nazi kwa samaki wa kupaka, mwingine ni mbaazi kwa mahamri. Changu mimi, mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa niliyelelewa chuoni na ubao wangu wa kuandikia, ni chakula cha Waingereza: mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe uliofunikwa kwa madonge ya unga. Msinicheke. Ngojeni kwanza niwahadithie ulivyofika jikoni kwetu, kisha nitawapa na namna ya kuupika.

Marehemu baba yangu alikuwa mpishi. Alipanda gari la moshi kwenda Nairobi mwaka 1954, akiwa kijana wa miaka 22. Huo ndio mwaka ambao serikali ya mkoloni, tarehe 24 Aprili, iliuzingira mji wa Nairobi kwa askari katika msako ulioitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakazolewa kwa maelfu na kutiwa vizuizini kwa shuku ya Mau Mau. Nyumba za Wazungu zikajikuta hazina wapishi, na watu wa makabila mengine wakaitwa kuziba mapengo. Baba yangu aliziba pengo moja.

Siku aliyoingia katika jiko hilo, alikuta aproni ya mpishi aliyemtangulia ingali imetundikwa nyuma ya mlango, na mfukoni mwake mna kitambaa cha kushikia sufuria. Baba akauliza jina la mwenyewe. Bibi wa nyumba akamjibu kwamba katika jiko lake kila mpishi huitwa jina moja, na yeye pia ataitwa hilo hilo. Yule mwingine amekwenda na askari. Maneno yakaishia hapo. Baba akaivaa aproni ya watu, akawasha moto.

Mchuzi wa madonge ulikuwa chakula cha Jumapili katika nyumba ile. Bibi alimwonyesha mara moja tu, mara ya pili akamwachia mwenyewe. Lakini baba hakuuonja. Nyama hakujua imechinjwa na nani, na chupa ya mvinyo ilikuwa haiko mbali na sufuria. Basi kwa miaka tisa aliupika kwa pua na kwa jicho. Chumvi aliijua kwa kunusa mvuke, na ulaini wa nyama aliujua kwa kuibonyeza kwa ncha ya uma. Sijaona bado mpishi mwingine aliyesifiwa kwa chakula asichokijua ladha yake.

Alirudi Mombasa mwaka 1963, akapata kazi katika hoteli moja ya watalii. Alipooa, Ijumaa moja alinunua nyama Marikiti kwa mchinjaji anayemjua, akaupika mchuzi ule nyumbani kwake, akaonja kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa akisimulia kwamba baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe walikuwa wakila chakula kisicho viungo!" Tangu siku hiyo akautia thomu, tangawizi, karafuu na dalasini. Mama naye alipoyaona madonge yakielea, alicheka akasema hivyo ni vipopoo vilivyopotea njia. Maana sisi wa pwani tunavyo vipopoo vyetu vya unga, vya tui na sukari. Ndipo nyumbani kwetu chakula kile kikaitwa vipopoo vya nyama.

Sasa nitoe aibu yangu. Nilipokuwa na miaka tisa hivi, wenzangu chuoni walikuwa wakitajiana kazi za baba zao. Huyu babake seremala, yule babake ana duka la nguo. Mimi nilikwisha kusikia watu wazima barazani wakimsema baba kwamba alikuwa "boi" wa Wazungu, na neno lile lilinichoma. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Babangu ni baharia."

Mwalimu alisikia, asiseme neno. Ijumaa iliyofuata baba aliupika mchuzi wake, akapakua bakuli la kwanza, akanituma nilipeleke kwa mwalimu. Jumamosi tulipokwisha kusoma, mwalimu akaniita mbele. "Mwambie baharia wenu," akasema, "mchuzi wake umetufikia salama, na bahari haikuchafuka." Darasa zima likaangua kicheko. Kicheko kilipotulia akatusomesha kwamba Nabii Daudi, pamoja na ufalme aliopewa na Mwenyezi Mungu, alikula kwa kazi ya mkono wake. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Baba sikumwambia kitu, na nadhani alijua.

Basi, msomaji, upikaji wenyewe ndio huu. Tafuta kilo moja ya nyama ya muundi au ya shingo. Usinunue nyama laini ya bei, kwani haifai hapa. Ile yenye kano nyingi, wanayoikimbia wengi, ndiyo hasa inayotakikana, maana kano zikipikwa kwa moto mdogo kwa muda mrefu huyeyuka zikawa ute, na ute huo ndio unaoupa mchuzi uzito wake. Ikate vipande vikubwa, uivuringe katika unga wa ngano vijiko viwili uliotiwa chumvi na pilipili manga. Ikaange kwa samli, vichache vichache, mpaka ibadilike rangi iwe kahawia. Ukiisonga nyama yote mara moja itatoa maji, na badala ya kukaangika itatokota.

Itoe nyama, ukaange vitunguu viwili, thomu na tangawizi iliyotwangwa. Tia tungule mbili, karafuu mbili na kijiti cha dalasini. Rudisha nyama, mimina maji ya moto yaifunike, kisha uteremshe moto mpaka mchuzi uwe unacheka tu, usichemke kwa fujo. Uache hivyo kwa saa mbili. Halafu tia karoti na mbatata, ungoje robo saa.

Wakati huo shughulikia madonge. Siri yake ni shahamu, yale mafuta magumu meupe yanayoizunguka figo ya ng'ombe. Huko Uingereza huuzwa tayari yamekwanguliwa katika visanduku, tangu Mfaransa mmoja aliyeishi Manchester, Gabriel Hugon, alipoanzisha biashara ya Atora mwaka 1893. Baba aliyakwangua mwenyewe, yangali baridi, akiyanyunyizia unga yasigandane. Chukua unga wa ngano robo kilo, shahamu nusu ya uzito huo, bekingi pauda vijiko vitatu vya chai, chumvi kidogo na kotmiri iliyokatwa. Changanya, utie maji baridi kidogo kidogo mpaka unga ushikane. Usiukande kama wa chapati! Ukiukanda utakaza. Fanya madonge kiasi cha ndimu, uyaweke juu ya mchuzi kwa nafasi, kwani yatavimba.

Kwa nini shahamu na si samli? Kwa sababu samli huyeyuka upesi, na shahamu hukawia. Unga hupata kuumuka na kushika umbo kwanza, kisha ndipo mafuta yanapoyeyuka na kuacha vijitundu ndani. Hivyo donge huwa jepesi kama sponji.

Ukisha kuyaweka, funika, na usifunue mpaka zipite dakika 20. Nusu ya donge imo mchuzini, na nusu ya juu huiva kwa mvuke. Ukifunua kabla ya wakati, mvuke hukimbia na donge hudidimia. Haya nayajua kwa kosa langu. Nikiwa kijana niliachwa niuangalie moto, udadisi ukanishinda, nikafunua mara tatu. Madonge yaliyotoka siku hiyo yangeweza kujengea ukuta. Baba aliyala yote yaliyokuwa sahanini mwake, akafuta mdomo, akanambia, "Mwanangu, chungu hakitaki mpelelezi." Nami baadaye nikaitungia nasaha hiyo ubeti:

Nyama ya moto wa pole, haipikwi kwa haraka,
Kifuniko kiwe vile, na mvuke ukifoka,
Mwenye pupa naye ale, madonge yaso kulika,
Na wapishi wetu wale, kungoja hawakuchoka.

Limebaki jambo la bakuli la kwanza. Katika maisha yake yote sikumwona baba akila mchuzi huo kabla ya bakuli moja kutoka nje ya nyumba. Mara kwa jirani, mara kwa mwalimu, mara kwa mchukuzi anayepita na mkokoteni wake. Nilidhani ni ada yetu ya pwani ya kupelekeana sahani. Mwaka 1999, alipokuwa kitandani katika maradhi yaliyomwondoa, nilimuuliza. Akanambia kwamba bakuli lile ni la mwenye aproni.

Alinieleza kwamba reli ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupita Mackinnon Road na Manyani, mahali palipokuwa na kambi za vizuizi. Katika miaka ile, kila alipokuja likizo na kila aliporejea, alisimama dirishani akitazama seng'enge na watu waliokuwa nyuma yake. Alijua kwamba huenda mmoja wao ndiye anayelipiwa njaa ili yeye apate mshahara. "Nilimtafuta," akasema, "lakini ningemtafutaje? Sura sikuiona, na jina nililoambiwa lilikuwa langu mwenyewe."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimshika mkono tu.

Leo mimi nina miaka zaidi ya hamsini, na nywele zimeanza kuwa na mchanganyiko. Masika yakiingia na upepo wa bahari ukawa na baridi, mwenzangu huniachia jiko, nami huipakata sufuria ya marehemu, ile nzito yenye kifuniko kilichobonyea. Wajukuu hukaa kando wakihesabu dakika, kila mmoja akiomba afunue yeye. Kifuniko kikiondolewa, madonge huwa yamejazana juu, meupe na ya kijani kwa kotmiri. Nakamulia ndimu, nachukua bakuli lenye mfuniko, napakua nyama na madonge mawili, namwita mkubwa wao.

"Peleka kwa nani leo, Babu?" huniuliza.

"Kwa yeyote utakayemkuta," humwambia. "Lakini kwanza muulize jina lake."