Shimo la Samadi Halizikwi

Mbozi, mkoani Songwe, Tanzania, ni nchi ya kahawa, mahindi na mabanda ya nguruwe, na Nanyala, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, haiko nje ya hali hiyo. Homa ya nguruwe ya Afrika, isiyo na tiba, hurudi mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini na kuacha mabanda matupu. Shimo la samadi nalo hubaki limejaa, na njia rahisi ni kulifukia kwa udongo na kupanda migomba juu yake. Hapo ndipo hatari inapoanza. Shimo linapotumika, tope laini huziba vitundu vya udongo chini, na kwa kuwa hewa haiingii, naitrojeni hukaa kama amonia iliyoshikamana na udongo. Likifukiwa bila kuzolewa na kuachwa likauke, tope hupasuka, hewa huingia, na bakteria huigeuza amonia kuwa naitreti, ambayo haishikwi na udongo. Mvua za Novemba zikianza, huteremka nayo hadi kwenye maji ya visima.

Wapo wanaosema ardhi huchuja kila kitu. Huchuja vijidudu vingi, lakini naitreti hupita. Tena bonde la Songwe lina mawe ya chokaa, yaleyale yanayolisha kiwanda cha saruji cha Mbeya, na penye nyufa za mawe hayo maji hupenya bila kuchujwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Haionekani, hainuki, na kuchemsha maji huizidisha makali. Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo, kwani damu yake hushindwa kubeba oksijeni.

Wengine watasema mashimo yetu ni madogo, si kama bwawa la North Carolina, Marekani, lililopasuka Juni 1995 na kumwaga mtoni takriban lita milioni 95 za samadi. Ni kweli, ila madogo hayo hayajasakafiwa, ni mengi, na mara nyingi yako hatua chache tu kutoka kisimani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kando ya mito na maziwa. Kisima cha uani kinalindwa na mwenye shimo mwenyewe.

Gharama ya kulifunga shimo vizuri kwa sehemu kubwa ni jasho, na jasho hilo hulipwa shambani. Samadi izolewe mwishoni mwa kiangazi, pamoja na udongo mweusi wa chini, isambazwe na kufukiwa kwenye mashamba muda mfupi kabla ya kupanda. Ikiwa banda lilipata homa, isitoke kabla afisa mifugo hajaruhusu, maana virusi husafiri nayo. Na asiingie mtu shimoni kulikoroga: gesi inayonuka kama yai viza, ikizidi, huua uwezo wa kunusa kabla ya kumwua mtu.