Plagi ya Simu na Chumvi ya Marereni

Huenda umeziona madukani plagi za nje zinazoamrishwa kwa simu. Ukiwa jijini, waweza kuzima taa ya uani au pampu ya maji kwa wazee kijijini. Lakini kabla ya kuwanunulia, je, umeufikiria upepo wa huko?

Chukua Marereni, kaskazini mwa Malindi, ambako maji ya bahari hukaushwa juani katika mabwawa ili kupata chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi hadi ukutani. Chumvi hunyonya unyevu, hupitisha umeme na kula vyuma.

Soma maandishi ya plagi. IP44 huhimili maji yanayorukia kutoka kila upande; IP65 haiingizi vumbi na huhimili maji ya mpira. Nambari hizo hazisemi lolote kuhusu kutu, na kifuniko kikiachwa wazi hazina maana.

Basi ifungwe chini ya paa, watoto wasipofikia. Fundi aweke swichi ya miliampia 30, inayokata umeme mara unapovuja. Kila mwezi, zimeni swichi kuu mkague vyuma. Vikiota ukijani au weusi, plagi hiyo itupwe.

Zaidi ya yote, kuzima kwa simu si kuchomoa. Baba akiishika pampu ili aitengeneze, wewe uliye mbali, usiyemwona, waweza kuiwasha. Mwambie achomoe kwanza.